Mama Hajisikii Vizuri Kidogo

Mtu wa kwetu akifa, hakuna anayekupigia simu akakuambia amekufa. Unaambiwa hajisikii vizuri kidogo. Unaambiwa upitie nyumbani mara moja, na usiwe na wasiwasi. Sauti inayokuambia hivyo inakuwa ya chini, ya upole uliopitiliza, na ni ya mtu ambaye siku nyingine zote anakupigia makelele. Sijui nani alianzisha desturi hii. Nadhani alikuwa mtu mwenye huruma, aliogopa usije ukaanguka barabarani kabla hujafika. Lakini sisi tuliokua nayo, mzazi akipata mafua tu, tunatafuta pa kukaa.

Baba yangu alikufa hivyo. Baba mdogo alinipigia nikiwa dukani Kariakoo, akasema baba yako hajisikii vizuri kidogo, ukitoka pitia Magomeni. Nikamwamini. Nikatoka kwa raha zangu, nikapita sokoni kumnunulia machungwa, maana baba akiumwa alikuwa hataki kitu kingine chochote mdomoni. Nikachagua moja moja. Nikabishana bei na muuzaji mpaka akaniambia dada, kama hutaki acha. Nilipofika mtaani kwetu nikaona turubai, nikaona viti vya plastiki vimepangwa barabarani na wanaume wamekaa kimya, na bado akili yangu ikaniambia, kumbe jirani ana shughuli. Nikapita katikati yao na mfuko wangu. Baba alikuwa amekufa tangu alfajiri. Machungwa mtu alinipokea, sijui nani. Jioni niliona maganda kwenye sinia, waombolezaji wameshayala.

Baba mdogo nilikaa naye mbali kwa muda mrefu sana. Kilichoniuma si kifo peke yake. Kiliniuma kile kitendo cha kunifanya nibishane bei ya machungwa ya maiti. Tangu siku hiyo mgonjwa nampelekea ndizi, maziwa, chochote, lakini si machungwa.

Sasa, mimi nina mdomo, nalijua hilo na mtaa mzima unalijua. Nauza vitenge kwa jumla, na biashara yangu imesimama kwa sababu ya huo mdomo. Mteja wa mkoani akishika jora nikajua linachuja, namwambia hapohapo, mama, hilo linachuja, ukifua mara moja utanitukana, chukua la kando yake. Wenzangu walikuwa wananicheka. Leo wateja wao ndio wanakuja kwangu. Kwa hiyo nilikuwa najiona mtu wa kweli. Nilikuwa nadhani uongo wa upole ni ugonjwa wa akina baba mdogo.

Halafu mama akaota uvimbe shingoni.

Alianza kwa kuuficha. Akawa anajifunga mtandio hata jikoni, kwenye joto lile la Magomeni, mpaka mdogo wetu wa mwisho, wa kike, ambaye anaishi naye, akauona siku mama anaoga. Tukampeleka hospitali. Wakamchoma sindano shingoni, wakachukua kipimo, wakasema majibu mtakuja kuyafuata. Aliyekwenda kuyafuata ni mdogo wangu wa kiume, yule anayenifuata mimi mgongo. Daktari akamwambia hii si kansa. Ni uvimbe wa kawaida, ila unakua kuelekea ndani, utamkaba koo, kwa hiyo lazima utolewe kwa upasuaji.

Tulikutana dukani kwangu watoto wote watatu, tukakaa juu ya majora. Kwa akili ya kawaida tulitakiwa kukimbia Magomeni tukampigie mama vigelegele. Lakini mama anaogopa kisu. Dada yake aliingia chumba cha upasuaji zamani na hakutoka, na tangu hapo wimbo wa mama ni mmoja, mimi sitakatwa na mtu. Mdogo wangu wa kiume akasema, "Tukimtajia upasuaji presha itampanda. Tumwambie majibu bado. Siku ikikaribia ndiyo tutamwambia."

Mdogo wetu wa mwisho akaniangalia mimi, maana mimi ndiye dada mkubwa. Nikasema haya.

Basi tukaanza. Mama akiuliza, majibu bado. Akiuliza tena, mashine imeharibika. Akiuliza mara ya tatu, mtaalamu amesafiri. Hakuna aliyepanga nani aseme nini, kila mtu alikuwa anatunga la kwake, na sasa nikikumbuka naona hata hayakufanana. Tukawa tunaongea uani kwa kunong'ona, mama akitokea tunaanza kuzungumzia mvua. Mdogo wangu wa kiume, ambaye kumwona nyumbani ni Pasaka, Krismasi na siku gari lake likiharibika maeneo ya Magomeni, akawa anakuja kila jioni. Tena haji mikono mitupu, anakuja na mtori wa ndizi na nyama. Mke wake anapika, yeye anabeba. Mama alikuwa anaupokea, anasema asante baba, anaangalia lile bakuli, halafu anamwangalia yeye.

Asubuhi ya siku yenyewe duka lilikuwa limejaa. Nilikuwa na wateja wa Mbeya wanafungasha mzigo, mkokoteni umeziba mlango, huyu anaita, yule anataka rangi nyingine. Simu ikaita, nikaona ni mdogo wangu wa kiume.

"Shikamoo dada," akasema.

Huyu mtu mimi na yeye tumepishana kidogo sana kuzaliwa. Maisha yake yote salamu yake kwangu ni "mambo". Shikamoo yake ya mwisho niliipata akiwa shule ya msingi, naye alichapwa ndiyo akaitoa.

"Marahaba," nikasema. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Funga duka kidogo uje nyumbani. Mama hajisikii vizuri kidogo. Usiwe na wasiwasi."

Akakata. Nikampigia, hakupokea. Nikampigia tena, hakupokea. Nikampigia mdogo wetu wa mwisho. Akapokea, lakini alikuwa analia kiasi kwamba maneno hayatoki. Akaweza kusema, "Dada, njoo tu," na simu ikakatika.

Nilikaa chini. Sikulia. Nilikaa juu ya jora la kitenge nikawa naangalia mteja wa Mbeya anavyosogeza midomo, simsikii. Jirani yangu anayeuza mashuka, mwanamke wa makamo ambaye ni shoga yangu tangu nifungue duka, akachungulia aazime mkasi. Akaniona. Hakuuliza hata swali moja. Alivua khanga yake ya mabegani, akanifunga kiunoni kwa nguvu, mafundo mawili, kisha akaachia, "Uwiii! Mama wa watu jamani!"

Nani alimwambia ni mama? Hakuna. Lakini alikuwa anajua mama ndiye mgonjwa, na alikuwa anajua sura hiyo inavyokuwa.

Kariakoo ikifiwa haichelewi. Sijainuka pale, mtu ameshashusha geti la duka langu nusu, mwingine ameshamwambia yule wa Mbeya arudi baadaye, grupu la wenye maduka wa mtaa wetu kwenye simu limeshaandikwa tumepata msiba, na chini yake watu wanamwaga Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Nyuma yangu nikasikia mmoja anauliza, "Wanasafirisha au wanazika hapahapa?" Mwingine akamjibu kwa kumshangaa, "Wachaga hao, unadhani watazika wapi? Lazima Moshi." Wakaanza kuongea habari za kukodi koasta. Nilikuwa nasikia yote. Nilikuwa natamani wanyamaze, na wakati huohuo natamani wasiniache.

Ng'ambo ya uchochoro wetu kuna mzee wa Kihindi anauza vifungo, zipu na nyuzi. Alizaliwa mtaa wa Gerezani, baba yangu alikuwa anamjua. Ni mzee mbishi, habebeki, anaweza kugombana na mteja kwa sababu ya kifungo kimoja. Alikuja miwani ikiwa juu ya kipaji.

"Nani amekufa?"

"Mama yake," shoga yangu wa mashuka akasema huku anajifuta.

"Nani kasema?"

"Mdogo wake kapiga simu."

"Kasema amekufa?"

Watu wakatazamana. "Mzee, amesema hajisikii vizuri kidogo."

"Sasa?" Akatuzungushia macho wote. "Kama hajisikii vizuri si apelekwe hospitali? Nyie hapa mnalia nini?"

"Mzee wewe huelewi mambo ya Waswahili," mtu akamwambia.

Akawaka. "Mimi nimezaliwa Gerezani pale, unaniambia mimi sielewi Waswahili! Mpigieni, mmuulize, mama yuko hai au amekufa. Basi. Maneno hayo mafupi yanawashinda?"

Yalitushinda. Pale palikuwa na watu wanaoweza kumuuzia mtu majora akiwa amekuja kununua leso, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mdomo wa kuuliza swali hilo. Mimi wa kwanza. Nilimchukia yule mzee kwa dakika ile. Nilimwona hana haya. Baadaye sana, tukiwa tunacheka, alinisimulia kwamba kaka yake alipofariki, mama yao aliambiwa amesafiri kibiashara, na yule bibi akakaa miezi anasubiri zawadi. "Na mimi nilikuwepo," akasema, "na mimi nilimwambia atarudi." Kwa hiyo naye hakuwa amepona ugonjwa wetu, alikuwa anaona vizuri tu akiwa dukani kwake.

Shoga yangu akanisukuma kwenye bajaji, naye akapanda. Dereva alikuwa na muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Akaambiwa tuna msiba, akauzima, akasema poleni wazazi wangu, akawasha taa zote akaanza kuyapita magari kama amebeba rais.

Tulipofika bonde la Jangwani ndipo nilipolia. Maana hapo ndipo lilipokuja lile wazo. Mama amekufa hajui. Amekufa anadhani majibu bado. Amekufa na hofu yake shingoni, anaificha kwa mtandio, na mimi mwanaye nilikuwa nalo mkononi neno moja la kumtua mzigo, si kansa mama, nikakaa nalo kana kwamba naliweka akiba. Baba mdogo angalau alificha kitu kibaya. Mimi nilificha habari njema. Niliipiga bajaji ya watu ngumi, dereva akaniambia pole mama, jikaze.

Mtaani kwetu hakukuwa na turubai. Hakukuwa na viti. Shoga yangu akasema, "Bado hawajafunga," nami nikaona ni sawa, ndiyo kwanza asubuhi.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, wapangaji mbele, uani jikoni na bomba. Niliingia kwa sauti. Sina maelezo mengine. "Mama yangu weee! Mama, umeniacha na nani! Mama, nilikuwa na neno la kukwambia!" Shoga yangu nyuma anaitikia. Wapangaji wakatoka vyumbani, mmoja ana mswaki mdomoni. Nilifika katikati ya ukumbi nikajitupa chini.

Mlango wa chumba cha mama ukafunguliwa. Akatoka mama, mkono mmoja umebeba rundo la vitenge.

"Nani kafa?" akauliza.

Nilinyamaza. Shoga yangu hakumwona, alikuwa analia amefumba macho, akaendelea peke yake, "Mama mpole! Mama asiye na makuu!" mpaka mpangaji wa mswaki akamgusa bega. Mimi, nakiri, niliangalia kwanza miguu ya mama. Ilikuwa miguu yake, na ndala zake, ile ya kushoto imefungwa waya.

"Wewe nakuuliza. Nani kafa?"

"Wewe," nikasema.

Lilitoka hivyohivyo. Mama akaniangalia pale chini, akaangalia khanga yenye mafundo mawili, akamwangalia shoga yangu aliyebaki na mdomo wazi.

"Bado," akasema. "Ndiyo kwanza nilikuwa najiandaa. Inuka, unajichafua. Ingia ndani."

Nikaingia nikitambaa nusu, nusu nacheka, kamasi zinatoka, nikamshika mkono nikaukandamiza shavuni. Ulikuwa wa moto na una harufu ya vitunguu. Sijawahi kufurahi vile.

Chumbani mdogo wangu wa kiume alikuwa amesimama ukutani kama mtoto aliyevunja sahani. Mdogo wetu wa mwisho amekaa sakafuni, macho yamevimba. Na kitandani mama alikuwa amepanga nguo zake zote mafungu matatu, fungu langu, fungu la mdogo wetu, fungu la mke wa yule wa kiume. Juu ya mto palikuwa na kitenge kimoja kipya kimekunjwa peke yake.

Ndipo nikaelezwa. Alfajiri mama alimwita mwanaye wa kiume kwa simu, akamwambia waite wenzako wote waje, nataka kuwaaga. Halafu akamshika binti yake wa mwisho, akaanza kumwonyesha kitenge cha kumvisha yeye mama siku ya maziko, na akamsisitiza asikubali avalishwe lile gauni la zambarau, hata wakwe waseme nini. Mdogo wetu alikuwa analia kwa sababu hiyo. Na kaka yake hakuweza kunitamkia kwenye simu mama anataka kutuaga, akatafuta neno laini, akaliona lile la ukoo, akanirushia.

"Wewe!" nikamgeukia. "Wewe mtu utakuja kuniua. Ungesema tu mama mzima, kuna mambo, njoo. Hivi unajua nimefika Jangwani nimeshamzika?"

"Dada, niliogopa utashtuka."

"Nikashtuka kidogo, siyo?"

"Mwache," mama akasema. "Kaeni. Leo naongea mimi."

Tukakaa. Akakaa na yeye, pembeni ya mafungu.

"Nyie mmeniona sina akili," akasema, wala hakupandisha sauti. "Majibu bado. Mashine imeharibika. Mtaalamu amesafiri. Mashine gani hiyo, ndege? Nikiingia uani mnanyamaza, mnaanza mvua, mvua, na jua linawaka. Huyu haji hapa mpaka Pasaka, sasa kila jioni mtori. Mwanamke wa umri wangu ananyweshwa mtori, nimejifungua? Nikajua ni kansa. Nikasubiri mniambie. Nikaona hamwezi. Nikasema basi, wanangu wanaogopa, nitawasaidia, nitaanza mwenyewe kuaga ili wasipate shida ya kusema."

Mtu angenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko hivyo. Mama yangu alikuwa amekaa wiki zote hizo peke yake na kifo chake, na alichokuwa anakitafuta ni namna ya kuturahisishia sisi.

Mdogo wangu wa kiume akakohoa. "Mama, unajua, daktari alisema kwamba hali, yaani, kwa ujumla siyo kwamba ni mbaya sana, ila kuna mambo kidogo ambayo inabidi..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Mama, niangalie. Huna kansa."

Mama akaushika mtandio wake shingoni.

"Majibu yalitoka siku nyingi. Huna kansa. Ni uvimbe wa kawaida. Lakini lazima ukatwe, wautoe, maana unakua kwa ndani, utakukaba koo. Tulikuficha kwa sababu unaogopa kisu, tukasema presha itapanda. Basi, hakuna kingine."

"Sema tena ile ya kwanza," mama akasema.

"Huna kansa."

"Tena."

"Huna kansa, mama."

Alifungua mtandio shingoni polepole, akaukunja, akauweka mapajani. Uvimbe ukabaki wazi mbele yetu sote, na nikaona hata ulikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa naufikiria. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Kisha akachukua lile rundo la vitenge akampiga nalo mwanaye wa kiume kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili, huku machozi yanamtoka na anacheka. "Mtori! Mtori! Nilikuwa nasali kila jioni juu ya huo mtori wako!" Naye anajikinga, anasema nisamehe mama, anacheka, analia. Sote tulikuwa hivyo.

Alipochoka akarudi kukaa. "Na hicho kisu, kitauma?"

Nilitaka kusema kidogo. Neno lilishafika ulimini. Nikalimeza.

"Kitauma," nikasema.

"Sana?"

"Sijui. Tutamuuliza daktari, utamuuliza mwenyewe."

Akatikisa kichwa kukubali. Mdogo wangu wa kiume, ambaye tangu majibu yatoke alikuwa anatembea na kipimo cha presha, akamfunga mkononi. Ilikuwa sawasawa. Akanifunga na mimi. Yangu ndiyo ilikuwa juu.

Wakati huo simu ya mama ikaita. Alikuwa ni shangazi yetu wa Moshi, habari za grupu zilishapanda mlima. Mama akapokea, akasikiliza kilio cha upande wa pili kwa muda, akasema, "Haloo, wifi. Ni mimi marehemu." Simu upande ule ikaanguka, tulisikia ikigonga sakafu.

Shoga yangu wa mashuka tulimkuta uani wapangaji wamempa chai. Mama akamfuata, akamshukuru kwa kulia. "Umelia vizuri sana," akamwambia. "Siku yenyewe ikifika uje hivyohivyo." Shoga yangu akasema sawa mama, akachukua khanga yake. Kwenye grupu nikaandika mwenyewe, mama yuko hai, samahanini wote. Mpaka leo kuna watu wakipita dukani wananiuliza marehemu hajambo.

Vitenge vyetu alivirudisha vyote kabatini jioni ileile, hata fungu langu, ambalo lilikuwa na kimoja kizuri sana. Na akatoa amri. Kuanzia sasa mtu akipiga simu kuhusu mgonjwa, neno la kwanza ni yuko hai au amekufa. Salamu zitafuata. Upole utafuata. "Hata mimi nikifa," akasema, "asikudanganye mtu ukaenda kununua machungwa." Sikujua kama anayakumbuka yale machungwa. Hatukuwahi kuyaongelea.

Kwa daktari alikwenda ameshika maswali yake kichwani, akayauliza yote, akitaka kujua mpaka uzi wa kushonea ni wa rangi gani. Nilimwona anaogopa. Alisema mwenyewe, naogopa, na daktari akamwambia nakuelewa mama. Halafu akakubali.

Siku ya upasuaji mdogo wangu wa kiume ndiye aliyebaki hospitali. Mimi nilikuwa dukani, nafungua jora nakunja jora, simwoni mteja. Mzee wa vifungo alivuka uchochoro mara kadhaa, anasimama mlangoni, haulizi, anarudi. Saa ya mchana simu ikaita. Niliiangalia ikiita. Nilipopokea nikaisikia sauti ile, ya chini, ya upole, nikatafuta pa kukaa.

"Mama yuko hai," mdogo wangu akasema. "Ametoka. Nipo wodini ndiyo maana naongea chini. Anaumwa, dada. Anaumwa na analalamika."

Nikamwambia mzee kwa kupunga mkono, yuko hai. Akashusha miwani yake machoni akarudi kwenye zipu zake, akamfokea mteja.

Nilipita sokoni. Nilisimama mbele ya machungwa kwa muda, muuzaji akaniambia dada karibu, matamu hayo, sukari tupu. Nikachagua moja moja. Bei sikubishana.

Kesho yake walipomruhusu kumeza, nilimmenyea moja nikampa kipande kidogo anyonye. Shingo ilikuwa imefungwa bandeji, sauti imekwaruza kama redio iliyoisha betri. Alinyonya, akakunja uso wote.

"Machachu," akasema. "Umepigwa."

Nikaanza kulia palepale mbele ya wagonjwa wote, na mama akanyoosha mkono apewe kipande kingine.